Beringi za Pikipiki Kuukuu: Hununuliwa kwa Namba, Si kwa Jina

Katika kata ya Nyabusozi wilayani Biharamulo, kama ilivyo katika vijiji vingi vya wilaya jirani ya Ngara, pikipiki ndiyo chombo kinachompeleka mgonjwa zahanati, maharage gulioni na mwalimu shuleni, na kwa sababu hiyo haitupwi kwa kuwa tu imezeeka. Zipo Honda na Yamaha zilizoanza kazi mikononi mwa watumishi wa miradi na idara za serikali, zikauzwa kwa mnada, kisha zikapita kwa wamiliki kadhaa. Zipo za Kichina ambazo aliyeziingiza nchini aliacha biashara hiyo siku nyingi. Na zipo za Kihindi, hasa Boxer na TVS, ambazo zimebeba abiria na magunia hadi rangi ya tangi ikafutika. Zote huifikia siku ambayo gurudumu linaanza kucheza na kunguruma, fundi anasema beringi zimekufa, na mwenye pikipiki anaanza kuzunguka madukani akiambiwa kwamba spea ya pikipiki hiyo haiji tena.

Jibu hilo, kwa upande wa beringi, si sahihi, nalo limewagharimu watu wengi fedha na siku za kazi. Beringi ni miongoni mwa vipuri vichache sana vya pikipiki ambavyo havitegemei jina la aliyeitengeneza pikipiki yenyewe. Tangi, taa, kabureta na gia za Honda ya zamani huweza kuwa adimu kweli, lakini beringi zilizomo katika magurudumu yake, isipokuwa mara chache, ndizo hizo hizo zinazozunguka leo katika pampu za maji, mota za umeme na alteneta za magari, na bado zinatengenezwa kwa mamilioni kila mwaka. Anayefahamu namba yake anaweza kuipata kwa bei ya kawaida. Asiyeifahamu hubaki mikononi mwa muuzaji, ambaye naye mara nyingi anakisia.

Beringi huwekwa kati ya sehemu inayozunguka na sehemu iliyotulia ili zisisagane. Ile inayotumika zaidi kwenye pikipiki ina pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na kati yao gololi saba au nane hivi zinazotenganishwa na kizimba chembamba cha bati au plastiki ili zisigusane. Pete ya ndani hukaa juu ya ekseli, yaani kile chuma kirefu kinachopita katikati ya gurudumu, na pete ya nje hukaa ndani ya habu, ambayo ni kitovu cha gurudumu kinachoshika spoku zote. Gurudumu likienda, pete ya nje huzunguka nalo, gololi hubiringika katika mfereji uliong'arishwa, na pete ya ndani hubaki imetulia pamoja na ekseli. Uzito wote wa pikipiki, dereva, abiria na mzigo hupitia katika vidoa vidogo mno ambapo gololi hugusana na mfereji, na ndiyo maana mkwaruzo usioonekana kirahisi kwa macho unatosha kuanzisha ngurumo ambayo baada ya majuma machache huwa ulegevu.

Kwamba kipuri hiki kinafanana dunia nzima ni matokeo ya historia ndefu ya viwanda. Mwaka 1883 Friedrich Fischer wa mji wa Schweinfurt, Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi nyingi kwa pamoja zikatoka na umbo na ukubwa ulio sawa, jambo ambalo kwa mkono halikuwezekana. Mwaka 1907 Sven Wingquist, aliyekuwa mhandisi katika kiwanda cha nguo mjini Gothenburg, Sweden, alianzisha kampuni ya SKF. Japani ikafuata kwa NSK mwaka 1916 na NTN mwaka 1918. Na India ikaanza kutengeneza zake mjini Jaipur kupitia kampuni iliyoundwa mwaka 1946, ambayo beringi zake huuzwa kwa chapa ya NBC. Viwanda hivi ni washindani, lakini vyote hufuata vipimo vya nje vilivyokubaliwa kimataifa, ambavyo leo vimo katika kiwango kinachoitwa ISO 15. Kwa hiyo beringi namba 6302 iliyotoka Japani, India au China ina tundu lile lile, kipenyo kile kile na unene ule ule, na itaingia katika habu ile ile bila kukwanguliwa wala kuongezewa chochote.

Namba yenyewe huwa imechorwa kwenye uso wa pete au juu ya mfuniko wake, na aghalabu huonekana baada ya kufuta grisi na kutu kwa kitambaa kilicholowekwa mafuta ya taa. Kuisoma si kazi ngumu. Tarakimu ya kwanza, 6, inataja aina, yaani beringi ya gololi za safu moja. Tarakimu ya pili inataja ukubwa wa mwili wake kulinganisha na tundu: 0 ni nyembamba, 2 ni ya wastani, 3 ni nene na hubeba mzigo mkubwa zaidi. Tarakimu mbili za mwisho zinataja tundu ambamo ekseli hupita: 00 ni milimita 10, 01 ni milimita 12, 02 ni milimita 15, 03 ni milimita 17, na kuanzia 04 tarakimu hizo huzidishwa kwa 5, hivyo 04 ni milimita 20 na 05 ni milimita 25. Zipo chache zenye mkwaju, kama 62/22 na 63/28, ambazo hutumika zaidi ndani ya injini na ambazo tarakimu zilizo baada ya mkwaju ni milimita za tundu kama zilivyo.

Mfano mmoja unaonyesha kwa nini namba nzima ni ya lazima. Beringi 6202 ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje cha milimita 35 na unene wa milimita 11, wakati 6302 ina tundu hilo hilo la milimita 15, lakini kipenyo chake ni milimita 42 na unene milimita 13. Zote mbili hupita kwenye ekseli moja, na mtu aliyetumwa dukani na maneno ya kwamba ekseli ni ya kumi na tano anaweza kurudi na isiyoingia kwenye habu. Katika magurudumu ya pikipiki ndogo, namba 6301, 6302, 6202 na 6203 hujitokeza mara kwa mara, lakini haifai kudhani kwamba gurudumu la mbele na la nyuma hutumia namba moja, wala kwamba upande wa breki na upande wa cheni katika gurudumu la nyuma lazima vifanane, na wala kwamba pikipiki mbili za jina moja zilizotengenezwa miaka tofauti zina beringi sawa. Beringi iliyotolewa ndiyo shahidi wa kuaminika, mradi ihakikishwe kwamba haikuwahi kulazimishwa humo na fundi aliyetangulia.

Kutu ikiwa imekula maandishi yote, vipimo vitatu vinatosha: tundu, kipenyo cha nje na unene. Vikichukuliwa kwa kalipa ya vernia, chombo ambacho wengi walikishika katika maabara ya fizikia sekondari, hakuna shaka inayobaki. Na hata rula ya mwanafunzi ikishikwa kwa utulivu hutofautisha milimita 35 na 42. Aliye na kitabu cha vipuri cha pikipiki yake, au anayeweza kukipata kwenye simu, ana njia nyingine, kwa kuwa watengenezaji wa Japani waliificha namba ya beringi ndani ya namba zao ndefu. Namba ya Honda 96140-63010-10, kwa mfano, ina 6301 katikati yake, na namba ya Suzuki 08113-62027 ina 6202. Mwenye Honda kuukuu hatafuti kitu cha Honda. Anatafuta 6301, ambayo Honda yenyewe huinunua kwa watengenezaji wa beringi.

Baada ya tarakimu hufuata herufi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupitiwa. ZZ maana yake ni kwamba beringi ina mifuniko ya bati pande zote mbili, ambayo huzuia chembe kubwa lakini huacha mwanya mwembamba usioonekana. 2RS maana yake ni mifuniko ya mpira pande zote mbili, ambayo hugusa pete ya ndani na kuziba vizuri zaidi. Baadhi ya viwanda huandika DDU au LLU kwa maana hiyo hiyo. Kwa magurudumu yanayopita katika vumbi jekundu la kiangazi na matope ya vuli na masika, ya mpira ndiyo inayofaa. C3 haihusu mfuniko, bali nafasi iliyoachwa kati ya gololi na pete: katika beringi za ukubwa huu nafasi ya kawaida ni kati ya mikroni 3 na 18, na C3 ni kati ya mikroni 11 na 25, huku mikroni moja ikiwa sehemu ya 1,000 ya milimita. Nafasi hiyo ya ziada husaidia pale ambapo joto huvimbisha chuma au pete hukazwa sana, kama ndani ya injini, na katika gurudumu haina madhara. Kinyume chake kina madhara: mahali palipoandikwa C3 ndani ya injini hapafai kuwekwa ya kawaida kwa kuwa tu ndiyo iliyopatikana.

Inafaa kueleza kinachoua beringi, kwa sababu bei nafuu haina maana kama kipuri kitarudiwa kila baada ya miezi miwili. Wengi hulaumu mwendo kasi, lakini hesabu inakataa. Gurudumu la inchi 17 lenye tairi la kawaida la pikipiki ndogo lina mzingo wa takriban mita 1.8, kwa hiyo katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa huzunguka mara 550 hivi kwa dakika, wakati beringi 6302 yenye mifuniko ya mpira imeundwa kustahimili zaidi ya mizunguko 10,000 kwa dakika. Kinachoiua ni uchafu, maji, mzigo na nyundo. Barabara za changarawe za Biharamulo na Ngara hutoa vumbi lenye chembe za mchanga ambazo ni ngumu kiasi cha kukwaruza chuma, na chembe hizo zikichanganyika na grisi huigeuza kuwa dawa ya kusagia. Pikipiki inapovuka kijito mara baada ya mteremko mrefu, habu iliyopata joto la breki hupozwa ghafla, hewa iliyomo hujikunja na kuvuta maji kupitia mwanya wowote uliopo. Kuosha pikipiki kwa kuelekeza mpira wa maji yenye nguvu kwenye kitovu cha gurudumu huleta madhara ya aina hiyo hiyo, na ni desturi inayopaswa kuachwa.

Mzigo nao una kanuni yake, ambayo wahandisi huitumia tangu katikati ya karne ya 20: maisha ya beringi ya gololi hupungua kwa mchemraba wa mzigo. Mzigo ukiongezeka maradufu, maisha hayapungui nusu, bali hubaki sehemu moja ya nane. Mshikaki, yaani kupakia abiria wawili au watatu nyuma ya dereva, na magunia mawili ya mkaa kupandisha vilima vya Ngara, huonekana kama faida ya siku hiyo, lakini gurudumu la nyuma hulipa deni hilo mapema. Si rahisi kumwambia mtu anayelipa ada ya shule kwa bodaboda asipakie, na makala haya hayadai hivyo. Yanadai tu kwamba anayepakia sana aikague beringi ya nyuma mara nyingi zaidi kuliko ya mbele, na aiwekee akiba.

Kwa upande wa upatikanaji, Nyabusozi haiko mbali na soko kama inavyodhaniwa. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ambako mitaa ya Kariakoo hupokea sehemu kubwa ya vipuri vinavyoingia nchini, hupita Kahama, Nyakanazi na Lusahunga kabla ya kugawanyika kuelekea mpaka wa Rwanda huko Rusumo na wa Burundi huko Kabanga, umbali wa takriban kilomita 1,300. Mabasi na malori yanayoifuata hubeba vifurushi kila siku. Kwa upande wa ziwa, daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025 likiwa na urefu wa kilomita 3 hivi, limeondoa kungoja kivuko kati ya Mwanza na Geita, na kwa hiyo kifurushi kilichokabidhiwa kwa kondakta Mwanza hakilali tena kando ya maji. Fedha hutumwa kwa simu, picha ya beringi hutumwa kwa simu hiyo hiyo, na namba ikiwa sahihi hakuna haja ya mtu kupoteza siku mbili na nauli kwenda kuchagua mwenyewe.

Kabla ya kuagiza mbali, hata hivyo, inafaa kuuliza karibu, tena katika maduka ambayo mwenye pikipiki huyapita bila kuingia. Muuzaji wa vifaa vya mashine za kusaga nafaka, fundi wa mota na jenereta, na fundi wa umeme wa magari, wote hutumia beringi za mfululizo wa 62 na 63. Alteneta nyingi za magari madogo hutumia 6303 upande wa mbele na 6202 upande wa nyuma, na 6202 hiyo haina tofauti ya vipimo na ile ya gurudumu la pikipiki. Aliyezoea kuuza kwa namba hana sababu ya kuongeza bei kwa kusikia jina la Honda au Yamaha, wakati duka la spea za pikipiki linaweza kuiuza beringi hiyo hiyo ghali zaidi kwa kuwa imetiwa katika mfuko wenye nembo. Si udanganyifu, ni gharama ya mfuko na ya kupitia kwa kampuni ya pikipiki, lakini mnunuzi hana wajibu wa kuilipa.

Udanganyifu halisi uko kwingine. Beringi bandia zimeenea kiasi kwamba watengenezaji wakubwa, kupitia umoja wao wa kimataifa, wameendesha kampeni dhidi yake, na SKF imetoa programu ya simu inayomwezesha mnunuzi kupiga picha kifungashio na kukituma kikaguliwe. Hapa Tanzania kazi ya kupambana na bidhaa bandia iko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, ingawa ofisa wake hawezi kusimama katika kila duka la Nyakahura au Rulenge. Mnunuzi hana budi kuwa mkaguzi. Maandishi kwenye chuma yalingane na yale ya kwenye boksi, yawe makali na yaliyonyooka, si wino unaofutika kwa kidole chenye mafuta. Beringi ikishikwa kwa pete ya ndani na ya nje ikasukumwa polepole, izunguke kwa uzito laini wa grisi mpya, bila kukwama na bila sauti ya mchanga. Ikizunguka kwa wepesi mwingi na kulia kama kijungu kitupu, grisi ni kidogo au haipo. Mifuniko ya mpira ikae sawasawa pande zote.

Katika jambo hili kosa linalorudiwa ni kuamini kwamba chaguo ni mawili tu, ya Kijapani ghali au feki rahisi. Lipo chaguo la kati ambalo kwa pikipiki kuukuu ndilo bora kuliko yote: beringi ya bei ya wastani inayouzwa kwa jina lake yenyewe. NBC ya India na chapa za Kichina kama HRB, ZWZ, LYC na C&U ni za viwanda halisi vinavyosimama nyuma ya bidhaa zao. Beringi ya Kichina iliyoandikwa jina la kiwanda chake ni ya kuaminika zaidi kuliko iliyoandikwa jina la Kijapani na kuuzwa kwa robo ya bei, kwa kuwa aliyethubutu kughushi jina hana sababu ya kuhangaikia chuma. Beringi za mtumba zilizochomolewa kwenye mashine nyingine hazifai kununuliwa, hata zikizunguka vizuri mkononi, kwa sababu kazi ziliyokwisha kufanya haijulikani na kutolewa kwake kwa nyundo huenda kumekwisha kuzijeruhi.

Nyundo ndiyo inayoua beringi nyingi mpya kabla hazijatembea hata kilomita moja, na hapa inafaa kusogea karibu na benchi la fundi. Gurudumu limelazwa juu ya vipande viwili vya ubao, beringi mpya imewekwa mdomoni mwa habu, na fundi mwenye haraka anagonga katikati yake, juu ya pete ya ndani. Kila pigo husafiri kupitia gololi na kuacha kishimo kidogo katika mfereji. Beringi huingia, huonekana nzima, na baada ya siku chache huanza kunguruma, kisha muuzaji ndiye anayelaumiwa. Fundi makini hufanya vingine. Husafisha habu hadi ing'ae, huimwagia maji yanayochemka upande wa beringi, kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma na tundu la milimita 42 huweza kupanuka hata kwa sehemu 7 au 8 za 100 za milimita, kisha hukausha upesi na kuisukuma beringi kwa soketi au kipande cha bomba kilicho sawa na pete ya nje. Beringi iliyolala usiku kucha katika friji, ikiwa imefungwa vizuri katika mfuko wake, huingia kwa urahisi zaidi. Sauti ya pigo hubadilika na kuwa nzito pete inapofika mwisho, na hapo huacha.

Kabla ya beringi ya pili kuingia lazima kirudishwe kile kibomba kinachokaa katikati ya beringi mbili, ambacho mafundi wengi hukiita bushi. Kazi yake ni kuziwekea umbali pete za ndani, ili nati ya ekseli inapokazwa, nguvu ipite kwenye kibomba badala ya kuzikandamiza gololi upande. Pikipiki nyingi kuukuu hukosa kibomba hiki kwa sababu kilianguka katika matengenezo ya zamani na hakuna aliyekitafuta, au kimekatwa kwa sababu kilionekana kirefu. Gurudumu linaloua beringi kila baada ya miezi michache, hata zikiwa za chapa nzuri, likaguliwe hapo kwanza. Kibomba kipya huchongwa kwenye mashine ya kukerezea chuma kwa kufuata umbali uliopo kati ya mabega mawili ya habu.

Tatizo jingine la uzee ni habu yenyewe kupanuka, hata beringi inaingia kwa kidole na kuzunguka ovyo ndani ya tundu lake. Vipande vya kopo la soda, au vishimo vinavyopigwa kwa patasi ili kuubana ukingo, ni suluhisho la kumfikisha mtu nyumbani tu, kwa kuwa huishika beringi sehemu chache na kuipindisha. Tiba ni kuchonga tundu hilo liwe duara tena na kutia pete ya alumini au chuma, kazi ambayo karakana ya kuchonga vyuma huimudu. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na ni mahali pa kuulizia wachongaji wa uhakika. Gharama ilinganishwe na ile ya habu au gurudumu zima, maana kwa pikipiki za Kihindi na Kichina gurudumu zima wakati mwingine ndilo nafuu, ilhali kwa Honda au Yamaha ya zamani uchongaji hushinda.

Yapo maeneo mawili ambayo kanuni ya namba haitoshi peke yake. Shingo ya pikipiki, pale usukani unapogeukia, katika pikipiki nyingi kuukuu haina beringi iliyofungwa bali vikombe na gololi zilizo wazi, na vikombe hivyo hutegemea muundo wa pikipiki. Hapa jina na mwaka vinahitajika, na gololi hubadilishwa zote pamoja na vikombe, si zile zilizopotea tu. Ndani ya injini nako, beringi za mhimili mkuu hulainishwa kwa oili ya injini na kwa kawaida huwa hazina mifuniko, hubeba joto na mapigo makubwa, na kuzifikia kunahitaji kupasua injini nzima. Kubana matumizi huko ni hasara, kwa kuwa tofauti ya bei kati ya beringi ya kati na ya juu ni ndogo mbele ya gharama ya kufungua injini mara mbili.

Dalili hazifichiki kwa anayezitafuta. Gurudumu likiinuliwa juu ya ardhi na kushikwa juu na chini, kisha kusukumwa na kuvutwa kwa mikono miwili, halipaswi kucheza. Likizungushwa taratibu huku kiganja kikiwa juu ya shoki ya mbele au swingiamu, mtetemo wa mchanga huhisiwa kabla haujasikika. Beringi ikivunjika njiani, gurudumu hulala upande, breki hushika au huachia, na katika mteremko wa kuelekea Rusumo wenye malori nyuma na mbele, hilo si suala la spea tena, ni suala la uhai wa dereva na wa mama aliyepakiwa akiwa na mtoto mgongoni.

Wenye maduka madogo katika magulio ya Biharamulo na Ngara wanaweza kulifanya jambo hili kuwa jepesi bila mtaji mkubwa, kwa kuweka boksi moja lenye 6201, 6202, 6203, 6301 na 6302 za mifuniko ya mpira, za chapa inayojulikana, na kuziuza kwa namba. Vijiwe vya bodaboda vinaweza kuagiza kwa pamoja Kahama au Mwanza na kugawana gharama ya kifurushi. Na kila mwenye pikipiki, siku gurudumu linapofunguliwa kwa sababu yoyote, hata kuziba pancha, aisafishe beringi, aisome, na kuandika namba ya mbele, ya nyuma kulia na ya nyuma kushoto katika karatasi moja na kadi ya pikipiki, kwa sababu atakapoihitaji, huenda itakuwa imekwisha kusagika na haisomeki.